Kuongoza Ofisi ya Utafiti wa Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza: Mtazamo wa Mwanaisimu wa Kiswahili



Nilipoombwa kutoa mhadhara huu, waandaaji walitaraji kwamba ningezungumzia mofolojia ya kitenzi, kwani huko ndiko nilikozama kwa zaidi ya miaka thelathini. Mofolojia nitaigusa. Hata hivyo, katika miaka sita niliyoongoza ofisi inayoratibu utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza nimejifunza jambo ambalo sikulijua nilipokuwa mhadhiri tu. Nilidhani kazi ngumu ya ofisi hiyo ni kutafuta fedha na kuandaa maonyesho ya mwisho wa mwaka. Kumbe kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba maneno aliyoyasikia mwanafunzi uwandani yanabaki mahali yanapoweza kusikilizwa tena, yakiwa na jina la aliyeyakusanya, baada ya yeye kuvaa joho na kwenda zake.

1. Wazo na asili yake

Kwamba mwalimu na mwanafunzi wa chuo kikuu waitafute elimu pamoja ni wazo linalohusishwa na Wilhelm von Humboldt na chuo kikuu kilichofunguliwa Berlin mwaka 1810. Kuliundia wazo hilo ofisi, yenye mkuu, bajeti na fomu, ni jambo la karibuni zaidi. Mwaka 1969 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, huko Marekani, ilianzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika tafiti za maprofesa wao, chini ya uongozi wa mwanafizikia Margaret MacVicar. Mwaka 1998 ripoti ya Tume ya Boyer ikavihimiza vyuo vikuu vya utafiti vya nchi hiyo viufanye utafiti kuwa njia ya kawaida ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Tangu hapo ofisi za namna hii zimeenea, na aghalabu wanaozianzisha hutaja Massachusetts kana kwamba ndiko jua lilikochomozea.

Sina ugomvi na Massachusetts. Ninachotaka kukumbusha ni kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo, mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikuwa tayari wako vijijini.

2. Vijana wa mwaka 1968

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Katika Idara ya Historia, Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa wakiitafiti Vita ya Maji Maji ya mwaka 1905 hadi 1907. Wanafunzi wa idara hiyo walitumwa katika maeneo yaliyopiganiwa, wakakaa na wazee, wakauliza, wakaandika. Insha zao zilikusanywa na idara, kila moja ikiwa na jina la mwanafunzi aliyeiandika, na mpaka leo hakuna anayeiandikia vita hiyo kwa dhati bila kuzirejelea.

Jambo linalonivutia mimi ni maisha ya karatasi zile baadaye. Katika miaka ya 1990 wanahistoria kama Thaddeus Sunseri na Jamie Monson walizisoma upya na kuhoji picha ya umoja wa kitaifa ambayo utafiti wa miaka ya 1960 ulikuwa umeichora. Wengine huliona hilo kuwa ni kuwavunjia heshima vijana wale. Kwa maoni yangu ni kinyume chake. Kazi yao iliweza kuhojiwa kwa sababu ilikuwapo. Ni tasnifu ngapi za shahada ya kwanza za miaka ishirini iliyopita ambazo mtu anaweza kuzipata, achilia mbali kuzihoji?

Lakini mwanaisimu ana malalamiko yake. Insha zile ziliandikwa kwa Kiingereza. Mzee alisema kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, kijana akasikia, akatafsiri, na tulichorithi ni tafsiri. Tunayajua aliyoyasimulia mzee, ila namna alivyoyasema hatuijui tena: aliiitaje ile dawa, alitumia njeo gani alipowataja waliokufa, alibadili lugha wapi. Idara ya Kiswahili iliyoanzishwa chuoni hapo mwaka 1970 ilifungua mlango mwingine, kwani mwanafunzi wake angeweza kusikiliza, kuchambua na kuandika kwa lugha ile ile moja. Sidhani kama tumeitumia vya kutosha nafasi hiyo.

3. Kutoka hukumu hadi swali

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Mwanza, alinijia na pendekezo la utafiti lenye anwani "Athari Hasi za Lugha Mama katika Kiswahili cha Wakazi wa Kanda ya Ziwa". Anwani za aina hii kila mwalimu aliyemo ukumbini anazifahamu. Mwandishi wake ameshatoa hukumu kabla ya kumsikiliza shahidi. Nilimuuliza ni kitu gani hasa kilichomkera. Akajibu, "Profesa, kwetu watu wanasema *anafanyaga*, *tunaendaga*. Mwalimu wetu wa sekondari alikuwa akitukata alama."

Nilimwambia aziweke kando hizo athari kwa wiki mbili, achukue kinasa sauti cha ofisi, aende soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, aketi na wauzaji kwa ridhaa yao. Aniletee sentensi hamsini zenye -ga na, muhimu zaidi, sentensi ambamo -ga ingetarajiwa lakini haikutokea.

Alirudi na mambo mawili yaliyonifanya nisogeze kiti. La kwanza ni ukanushi: *siendagi*, *hatufanyagi*. Irabu ya mwisho inageuka kuwa -i kama inavyogeuka katika *siendi* na *hatufanyi*. Kwa hiyo -ga si chembe iliyobandikwa nje ya kitenzi. Tuna kiambishi -ag- kinachokaa kabla ya irabu tamati, mahali pale pale ambapo wanaisimu wa Kibantu, Meeussen (1967) akiwa mmojawapo, wamekiweka katika kuiunda upya lugha mame. Kisukuma na lugha nyingine nyingi za bara zinacho hadi leo.

La pili ni neno *huwaga*. Sisi walimu tulizoea kusema kwamba -ga ni mbadala wa mitaani wa hu- ya mazoea. Ikiwa ni hivyo, mbona mzungumzaji anaviweka vyote viwili katika neno moja? Mwanafunzi hakulimaliza swali hili katika kurasa zake arobaini, wala sikumtaka alimalize. Anwani yake ilibadilika ikawa "Kiambishi -ag- katika Mazungumzo ya Wauzaji wa Dagaa wa Kirumba". Mwenye macho ataona safari iliyopo baina ya anwani hizo mbili, na ofisi ninayoizungumzia ipo kwa ajili ya safari hiyo.

Niseme pia kwamba siku hizi mapendekezo yanafika mezani yakiwa laini kupita kiasi, yameandikwa na programu za akili unde. Sikupoteza muda kuwasaka wahusika. Nilibadili utaratibu tu: mwombaji alete kwanza dakika tano za sauti aliyoinasa mwenyewe na unukuzi wake, ndipo tuzungumzie nadharia.

4. Daftari ambalo halikurudi

Naomba radhi kwa kujitaja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi, nilitumia likizo nzima katika kijiji cha pwani nikikusanya msamiati wa vyombo vya baharini kwa nahodha mmoja mzee. *Foromali* na *demani* yalikuwamo, nayo yamo katika kamusi. Yalikuwamo pia maneno kadhaa ambayo sijayaona katika kamusi yoyote. Daftari nililikabidhi kwa mwalimu aliyekuwa akinisimamia. Baada ya miaka michache orodha yangu ilitokea ndani ya makala yake, ikiwa imepunguzwa, na mwishoni palikuwa na shukrani kwa "wanafunzi mbalimbali". Nahodha hakutajwa kabisa. Nilipopata ujasiri wa kuliulizia daftari, nikaambiwa limepotea katika kuhama ofisi. Nahodha naye alikuwa ameshafariki.

Jina langu nimeshalisamehe. Yale maneno ndiyo yanayonikosesha usingizi. Machache nayakumbuka, lakini sina hakika na toni ya sauti ya mzee wala na maana aliyonipa, na mwanaisimu asiye na hakika hana data.

Kwa sababu hiyo jambo la kwanza nililolifanya kama mkuu wa ofisi lilikuwa kuandika mkataba wa ukurasa mmoja baina ya mwanafunzi na msimamizi. Unasema data inakaa wapi, nani ana nakala, jina la nani linakuja kwanza kazi ikichapishwa, na kwamba msimamizi hataitumia data hiyo kabla ya mwanafunzi kupewa nafasi ya kuandika. Baadhi ya wenzangu walinuna. Mmoja aliniuliza kama sasa tunawafanya wanafunzi kuwa mawakili. Swali lake lilikuwa la haki kwa kiasi fulani, maana mkataba haumfundishi mtu kumheshimu mwenzake. Lakini asiyeweza kutia sahihi ukurasa huo hakupelekewa mwanafunzi, na katika jambo hilo sikurudi nyuma.

5. Vibali, nauli na risiti

Wanafunzi watarajiwa hudhani utafiti huanza na hojaji. Huanza na barua. Barua za kibali za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi zimerejelea waraka wa serikali wa mwaka 1980 uliompa Makamu Mkuu wa Chuo mamlaka ya kuwaruhusu walimu na wanafunzi wake kufanya utafiti. Barua hiyo hushuka kwa mkuu wa mkoa, wilaya, kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Zanzibar humfikia sheha. Mwanafunzi anayeruka ngazi moja atarudishwa, na wiki zake mbili za likizo zitakwisha akiwa kwenye benchi la ofisi ya serikali. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sauti ya mtoataarifa pia inataka uangalifu zaidi, hivyo fomu ya ridhaa tuliiandika upya kwa Kiswahili ambacho muuza dagaa anakielewa.

Juu ya fedha sitasema mengi. Ruzuku ilikuwa ndogo, ikitosha nauli na chakula. Mhasibu alitaka risiti ya mashine kwa kila shilingi, na mwendesha bodaboda wa kijijini hana mashine. Tuliafikiana, baada ya vikao visivyopungua vinne, juu ya fomu inayotiwa sahihi na mtendaji wa kijiji. Ninaitaja kwa sababu katika miaka sita ile ndiyo fomu iliyowezesha tafiti nyingi kuliko hotuba yoyote niliyotoa.

6. Rafu

Unukuzi ndio unaowavunja moyo wanafunzi. Katika uzoefu wangu saa moja ya mazungumzo ya sokoni, yenye watu watatu wanaodakizana, humla mwanafunzi siku mbili. Wengi huomba wafanye muhtasari. Hapo mkuu wa ofisi hana budi kuwa mgumu, kwa kuwa muhtasari ndio ulioyameza maneno ya wazee wa mwaka 1968. Kila aliyepata ruzuku alitakiwa kuikabidhi ofisi sauti yenyewe, unukuzi kamili, na karatasi inayoeleza nani alirekodiwa, wapi, lini na kwa masharti gani. Bila hivyo awamu ya mwisho ya ruzuku haikutoka.

Mwaka jana, nikiwa nimeshamkabidhi mwenzangu ofisi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikwenda kusikiliza sauti za Kirumba. Alikuwa akitafiti njeo ya wakati uliopita, hana habari na -ag-. Katika dakika ya kumi na moja ya rekodi ya tatu alimsikia mama mmoja akisema *nilikuwaga naendaga*, kiambishi kikiwa mara mbili, kwenye kitenzi kisaidizi na kwenye kitenzi kikuu. Mtafiti wa kwanza alikuwa ameunukuu mfano huo kwa usahihi, lakini hakuuchambua. Mwanafunzi huyu ameomba ruhusa ya kumwandikia mtangulizi wake, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari, ili wauandike pamoja.