Tabora, chuma hakijapata mrithi

Mwenye mkaa wa kupeleka mjini haulizi fremu ina uzito gani. Anachotaka kujua ni kama ikikatika itachomeleka.

Swali hilo ndilo linaloamua soko la baiskeli kwenye njia ya zamani ya misafara, ile ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, shehena ilipita mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na kilo 30 hivi. Leo gunia la mkaa na madumu ya asali hukaa juu ya keria iliyoongezwa nondo.

Baiskeli yenyewe ilianza na mti. Kile chombo cha Karl Drais cha mwaka 1817 kilikuwa cha mbao, na kwa miaka mingi magurudumu yakafungwa mkanda wa chuma uliomtikisa mpandaji hadi meno. Nafuu ililetwa na bomba la chuma lisilo na mshono, lililobuniwa na ndugu wa Mannesmann katika miaka ya 1880, na tairi la upepo la Dunlop la mwaka 1888. Sehemu ya mpira wa matairi ya mwanzo ilitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo ya Mfalme Leopold, ambako wanavijiji waliugema kwa kuchapwa viboko. Wauzaji wa baiskeli hawakulitia hilo katika matangazo.

Raleigh ya Nottingham ikaweka kielelezo: fremu ya chuma, ringi za inchi 28, breki za fito. Phoenix ya Shanghai na Hero ya Ludhiana zikakifuata, na wazee bado wanaitaja Swala ya hapa kwetu. Aliyejifunza kutengeneza moja ameshajua nyingine zote. Chuma kikipinda hunyooshwa, kikipasuka huunganishwa, na gololi zikilika hununuliwa za rejareja.

Alumini imeingia kwa mlango wa mtumba. Ni nyepesi, haishiki kutu, na mwanafunzi anaipenda. Tatizo liko kwenye moto: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando wa oksidi ulioifunika hustahimili nyuzi zaidi ya 2,000. Fundi mwenye mashine ya kawaida ya kuchomelea hupasha moto akisubiri utando uachie, na ghafla fremu imetoboka. Pedeli za plastiki hazina hata nafasi hiyo. Zikivunjika ni kununua nyingine. Kaboni tuwaachie wa mashindano ya Ufaransa.

Hata hivyo alumini iliyokufa ina mnunuzi. Hupimwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ikayeyushwa, ikarudi sokoni ikiwa sufuria. Tyubu iliyochoka hukatwa vipande virefu vya kufungia mzigo, na fundi anaweza kukuuzia kipande kimoja kimoja.