Kompyuta Ndogo Iliyozaliwa kwa Ajili ya Shamba

Msomaji aliye Magindu, wilayani Kibaha, hana haja ya maabara kuliona jambo hili: mvua kubwa hunyesha, na siku chache baadaye udongo uliokuwa matope umekwisha kukauka. Maji yamekwenda wapi? Mengine yamezama ardhini, mengine yamegeuka mvuke, na mengine yamenyonywa na mizizi yakatokea majanini. Kuyapima hayo yanayorudi hewani hudai vipimo vya joto, upepo na unyevu, mchana na usiku, pamoja na hesabu nyingi. Swali hilo ndilo lililozaa mojawapo ya kompyuta ndogo za kwanza duniani.

Mwaka 1972 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, INRA, ilihitaji mtambo wa kuifanya kazi hiyo, lakini kompyuta ya PDP-8 kutoka Marekani ilikuwa ghali mno kwake. Kampuni ndogo ya R2E, ya André Truong, mzaliwa wa Saigon, ikakubali kutengeneza mwingine wa bei nafuu. Mhandisi wake, François Gernelle, alitumia maikroprosesa ya Intel 8008: kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, kilichobeba sehemu ya kukokotoa ambayo hapo kwanza ilijaza kabati. Mtambo huo, Micral N, ulikabidhiwa mwaka 1973.

Vitabu vingi huanza na Altair 8800 ya Ed Roberts wa Albuquerque, iliyotangazwa Januari 1975. Haikuwa na kibodi wala kioo. Mnunuzi aliweza kuiunga mwenyewe, akaiamuru kwa swichi, na kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256, ambazo sentensi mbili tatu za makala haya zingezijaza. Sifa inaistahili, kwa kuwa iliingia majumbani mwa watu binafsi. Lakini ya kwanza haikuwa. (Roberts mwenyewe baadaye aliiacha biashara hiyo akawa daktari wa tiba.)

Na hapa kwetu? Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965. Mitambo ya aina ile ilikuwa ghali, ikategemea wataalamu wa kigeni, na matokeo yake katika hesabu za Serikali yalikatisha tamaa. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa mitambo iliyojulikana wakati ule, uamuzi huo haukuwa wa kipuuzi. Fedha za kigeni zilikuwa chache. Kasoro ilikuwa katika neno lenyewe, kwani “kompyuta” ilijumuisha mtambo wa kujaza chumba pamoja na kile kifaa cha mezani kilichokuwa kikizaliwa. Apple II ikatokea mwaka 1977, na ya IBM mwaka 1981, nasi tukiwa bado tunaomba kibali.

Mwalimu atakaye kulionyesha darasani tatizo la INRA aweke sinia la maji uwanjani, wanafunzi wapime kina chake kila saa kwa siku tatu, usiku pia. Kufika usiku wa pili watauliza wenyewe kama hakuna mashine ya kuifanya kazi hiyo.