Anayelipa na Asiye na Pa Kuchepukia
Mwendesha bodaboda wa Ntimaru, Kuria, hulipa shilingi 25 za matengenezo ya barabara kwa kila lita ya petroli, kiwango kilichopandishwa kutoka 18 mwaka 2024, hata akipita njia ya vumbi. Hana pa kuchepukia. Lakini Nairobi, barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, humtoza anayeipanda tu. Asiyetaka hubaki chini na foleni yake. Wapo watakaosema hiyo ni ya matajiri. Kweli, lakini angalau anayelipa amechagua. Ubaya huanza njia ya bure inapoachwa ibomoke: hapo lori la mahindi kutoka Kuria litalazimika kulipa, na dereva, kama kawaida, atamwongezea mnunuzi bei.