Unahamia pembezoni mwa Dar? Nyumba usiione saa 4 asubuhi tu

Dalali ana saa yake. Atakupeleka kuona nyumba Bunju, Goba, Kibamba, Chanika au Kibaha saa 4 asubuhi, siku ya Jumamosi, barabara ikiwa kavu na foleni imekwisha. Utaona vyumba vitatu, ua mpana wa watoto kucheza, na kodi iliyo chini sana kuliko ile unayolipa Sinza au Kinondoni. Ni rahisi kukubali palepale na kulipa miezi sita.

Familia nyingi zimefanya uamuzi huo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2012. Katika miaka hiyohiyo, Mkoa wa Pwani ulioizunguka Dar ulitoka watu wapatao milioni 1.1 hadi milioni 2. Jiji limejaa, na watu wanasogea nje huku kazi zao zikibaki Posta, Kariakoo na Mikocheni.

Kiafya, kuhamia pembezoni si jambo baya. Mtoto hupata nafasi ya kukimbia, na nyumba hupata hewa. Lakini fedha unayoiokoa kwenye kodi inaweza kudaiwa kwa njia nyingine: usingizi wa mtoto, shinikizo la damu la baba, au usalama wa mama mjamzito. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, rudi mahali hapo katika nyakati nne ambazo dalali hatakupeleka.

Saa 11 alfajiri

Simama kituoni siku ya kazi, si Jumamosi. Hesabu daladala ngapi zinapita zikiwa na nafasi, na ujaribu safari yote hadi mlango wa ofisi yako. Kwa Kigamboni, jaribu pantoni na pia njia ya darajani. Kwa upande wa Kibaha na Mbezi, pima muda hadi kwenye mwendokasi, kisha ongeza muda wa kusubiri basi lenyewe. Umbali wa kilomita haukuambii kitu. Kinachokuhusu ni dakika.

Ukiwa hapo kituoni, watazame watoto. Wale waliovaa sare na kusinzia kwenye mabega ya dada zao wanasubiri basi la shule. Sasa piga hesabu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Kama basi linampitia saa 11 alfajiri, ataamshwa saa 10 na nusu. Ili apate saa 9 tu, ambacho ni kiwango cha chini, inabidi awe amelala saa 1 na nusu usiku. Ni nyumba ngapi unazozijua ambazo mtoto wa darasa la tatu hulala saa hiyo, wakati mzazi anaingia saa 2 au saa 3?

Mtoto asiyelala vya kutosha hashiki anachofundishwa, huwa mkali bila sababu, na huugua mara kwa mara. Mwalimu atasema ni mzembe. Wewe utamtafutia masomo ya ziada, ambayo yatamla usingizi zaidi.

Kanuni ninayoipendekeza ni hii: kama lazima mtu asafiri mbali, asafiri mtu mzima. Unapochagua nyumba, chagua na shule kwa wakati mmoja, na shule iwe ya kufika kwa miguu au kwa mwendo mfupi wa gari. Kumhamisha mtoto nyumba huku ukimwacha kwenye shule ya zamani mjini ni kumbebesha yeye gharama ya kodi uliyoipunguza.

Mtu mzima naye ana kikomo. Anayerudi saa 3 usiku, akala, akaoga na kulala saa 5, kisha akaamka saa 10 na nusu, amelala saa 5 na nusu. Mwili wake unahitaji angalau saa 7. Ukosefu wa usingizi wa miaka mingi unaambatana na shinikizo la damu, unene na kisukari. Wapo pia wanaoacha kunywa maji tangu asubuhi kwa kuhofia kubanwa na mkojo kwenye foleni, na hilo huwaletea maumivu ya kichwa na maambukizi ya njia ya mkojo, hasa wanawake.

Saa 8 mchana

Huu ni wakati wewe hutakuwepo, lakini watoto na dada wa kazi watakuwepo. Tembea kwa miguu kutoka shuleni hadi nyumbani. Je, mtoto atavuka barabara kuu? Pana kivuko, tuta au daraja la waenda kwa miguu? Gari likiwa mwendo mdogo, dereva anaweza kusimama na mtoto akapona. Gari linaloshuka kwa kasi kwenye Barabara ya Morogoro halimpi nafasi ya pili. Nyumba nzuri iliyo upande wa pili wa barabara kuu, mbali na kivuko, si nyumba ya mtoto wa miaka 7.

Tazama pia anapochezea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 ashughulishe mwili kwa dakika 60 kila siku kwa wastani. Ua wenye geti si lazima utoshe. Uwanja wa mtaa ambao mama wengine wanaweza kuwaona watoto hufaa zaidi. Angalia kama jirani pana machimbo ya mchanga, dampo au gereji ya kupiga rangi magari. Mtoto mwenye pumu atayajua hayo kabla yako.

Kisha uliza maji. Usimuulize mwenye nyumba, uliza mpangaji wa jirani: bomba hutoka siku ngapi kwa wiki? Kama mnatumia kisima, choo cha shimo kilicho karibu kiko umbali gani? Ushauri wa kawaida ni mita 30 au zaidi. Kiwanja cha 20 kwa 20, hata ukipima kona kwa kona, hakifiki mita 30. Maana yake usalama wa kisima chako unategemea choo cha jirani, hata kama chako umekijenga vizuri. Maji ya kisima cha namna hiyo yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa, hata yakiwa meupe kama kioo.

Saa 1 usiku

Rudi jioni ukae nje nusu saa. Mbu watakuambia wenyewe kama kuna madimbwi karibu. Mbu wa malaria huuma usiku, na chandarua kinasaidia. Mbu wa dengue, yule mweusi mwenye madoa meupe, huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Dar ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, ikapata tena mwaka 2019. Mbu huyu huzaliana kwenye maji yaliyotulia ndani ya ndoo, mapipa, matairi na matangi yasiyofunikwa. Ndiyo maana mtaa usio na maji ya uhakika, ambako kila nyumba imejaza ndoo, unaweza pia kuwa mtaa wa dengue. Ukihamia huko, nunua mifuniko kabla ya mapazia.

Saa 8 usiku

Hapa ndipo penye uzito kuliko kote. Mtoto ana degedege, au mama mjamzito ameanza kutokwa na damu. Unakwenda wapi, na kwa usafiri gani?

Usiridhike na kuambiwa kuwa zahanati iko karibu. Nenda uulize: inafunguliwa saa 24? Wanazalisha? Kituo cha afya cha karibu kina chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea, au watakupa rufaa? Barabara ya kwenda huko inapitika usiku wa mvua? Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache, na nusu ya muda huo inaweza kuishia kwenye matope ya njia ya vumbi.

Andika ukutani namba ya bure 115 ya mfumo wa m-mama, unaosaidia kupata usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Andika pia namba ya dereva wa bajaji au teksi anayelala mtaa huo, uliyekwisha kuzungumza naye. Mjamzito aliye katika mwezi wa mwisho, ambaye nyumba yake iko mbali na hospitali, ni bora alale kwa ndugu aliye karibu nayo.

Siku ya mvua

Kama unaweza, subiri mvua kubwa inyeshe ndipo uende. Mafuriko ya Desemba 2011 yalizikumba familia za Jangwani na mabonde mengine, na baadhi zikahamishiwa Mabwepande. Pembezoni nako kuna mabonde, na kiwanja kilicho bondeni huuzwa wakati wa kiangazi. Tazama alama ya maji kwenye kuta za majirani. Maji yakipita uani, yanapita pia kwenye shimo la choo, na kipindupindu hufuata njia hiyo.

Umekwisha kuhama?

Wengi mnaosoma hapa mmeshahama na kodi imelipwa. Anzeni na mambo matatu. Msogezeni mtoto kwenye shule ya karibu mwaka mpya wa masomo unapoanza. Wekeni saa ya kulala ambayo haimsubiri baba. Mtoto alishwe na kulazwa, baba atamkuta Jumamosi akiwa na nguvu za kucheza. Na Jumapili hii, tembeeni pamoja hadi kituo cha afya mtakachokikimbilia usiku, ili kila mtu nyumbani, pamoja na dada wa kazi, aijue njia.