Sifa ya simu isiyoelewa kitu

Aprili 2024 kampuni ya Kimarekani iitwayo Humane ilianza kuuza kijidude cha kubandika kifuani, ambacho wenyewe walitaraji siku moja kichukue nafasi ya simu. Bei yake ilikuwa dola 699, na juu yake ada ya dola 24 kila mwezi. Kioo hakina. Unakisemesha nacho kinakujibu, na ukitaka kusoma kitu kinakumulikia maandishi kwenye kiganja cha mkono. Waandishi waliopewa kukijaribu walilalamika kwamba kinapata moto, kinachelewa kujibu, na mara nyingi kinajibu sivyo. Haukupita mwaka. Februari 2025 kampuni ya HP ilinunua sehemu kubwa ya mali ya Humane kwa dola milioni 116, tarehe 28 ya mwezi huo huo huduma ikazimwa, na waliokinunua wakabaki na kipande cha chuma chenye sumaku.

Kwa msomaji wa Ibra, Sur au Nizwa anayezungumza Kiswahili nyumbani, habari hiyo ina faida zaidi ya kucheka hasara ya watu. Kijidude kile kilishindwa na kazi ambayo simu ya kawaida, hata ile ya bei ya chini yenye kioo kilichopasuka, inaifanya kila siku bila ya makeke: kuyachukua maneno ya mtu na kuyafikisha. Tofauti ni kwamba chombo cha Humane kililazimika kuyaelewa maneno kabla ya kufanya lolote. Simu inayotuma ujumbe wa sauti haielewi hata neno moja, inabeba tu. Nasema kwamba kwa sisi tunaosema Kiswahili Uarabuni, kutoelewa huko ndiko kulikotufaa, na kwamba kile kitufe kidogo cha maikrofoni, ambacho WhatsApp ilikileta Agosti 2013, kimetufanyia makubwa kuliko simu ya kukunja, saa janja na spika za mezani zote kwa pamoja.

Sababu iko katika namna Kiswahili kilivyofika Ibra na namna kilivyobaki. Mji huu, ambao leo ndio makao ya mkoa wa Sharqiyah Kaskazini, ulipeleka watu Afrika Mashariki kwa vizazi. Majina ya Harthi na Barwani utayakuta hapa na utayakuta Unguja. Baada ya mapinduzi ya 1964, na khasa baada ya Sultani Qaboos kushika nchi 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, wengi walirudi na lugha yao mdomoni. Waliosoma skuli za Unguja walijua kuiandika kwa herufi za Kirumi. Waliowatangulia waliiandika kwa herufi za Kiarabu. Tippu Tip aliandika hivyo habari za maisha yake, na Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyezigeuza kuwa za Kirumi. Watoto waliozaliwa Oman wakasomeshwa Kiarabu, halafu Kiingereza. Kiswahili walikipata jikoni na sebuleni, kwa bibi na kwa mama, bila ya daftari. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kuwa na mjukuu anayefahamu kila neno analoambiwa, akacheka pahala pa kuchekwa na akanyamaza pahala pa kunyamaza, lakini ukimwambia aandike "ng'ombe" anababaika, hajui hata hicho kijialama cha katikati kinapatikana wapi kwenye kibodi yake ya Kiarabu. Mtu kama huyo ukimpa simu ya kuandikia tu, umemnyang'anya lugha.

Wanawake walinyimwa maandishi mapema zaidi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani 1886 kwamba wasichana wa kasri walifundishwa kusoma lakini si kuandika, naye akajifunza kwa siri kwa kunakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Huyo ni mtoto wa mfalme. Wa watu wa kawaida walikuwaje? Bado wako bibi wa Sharqiyah ambao ujana wao ulipita kabla ya skuli kufika vijijini. Baadhi yao ni wafanyabiashara hodari, kama ajuavyo kila aliyesikia habari za soko la Jumatano la Ibra, ambalo asubuhi yake ni la wanawake watupu. Kitufe cha maikrofoni hakikuwauliza wamesoma mpaka darasa gani.

Tazama ujumbe wenyewe unavyokwenda. Kidole gumba kinashika maikrofoni. Mwenye maneno mengi anakivuta juu ijifunge isimchoshe mkono, aliyeghairi anakivuta pembeni ukafutika. Kwanza salamu, na salamu zetu hazikatizwi: mzima, watoto wazima, na huyo mwenye mguu vipi. Nyuma unasikika mvumo wa kiyoyozi, kijiko kinagonga kikombe, mtoto anaitwa kwa Kiarabu atoke juani. Halafu habari yenyewe, ambayo huenda ikawa sentensi mbili: harusi imesogezwa mbele, au kuna dawa ichukuliwe na anayesafiri kwenda Unguja. Kisha dua, na baada ya dua jambo lililosahauliwa, na dua tena. Kwa maandishi habari hiyo ingekuwa mstari mmoja. Mpokeaji angejua harusi imesogezwa. Asingejua kwamba shangazi ana mafua, wala kwamba hakulifurahia jambo hilo hata kidogo.

Hapa Oman kulikuwa na sababu ya ziada. Kwa miaka mingi kupiga simu kupitia WhatsApp kulizuiwa, na kupiga Unguja kwa njia ya kawaida kulikuwa na gharama. Ujumbe wa sauti ulipita. Hauhitaji watu wawili wawe macho kwa wakati mmoja, wala intaneti yenye nguvu. Unarikodiwa Ibra asubuhi, unasikilizwa Unguja au London mtu akipata nafasi, jibu linarudi usiku.

Sasa linganisha na vifaa vinavyojigamba kwamba vinaelewa. Siri, ile programu ya Apple ya kusemeshwa, ilipotoka 2011 ilianza na Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani; Kiarabu kiliongezwa miaka minne baadaye, na Kiswahili hakikuwemo. Na hata kingekuwemo, kingekuwa Kiswahili gani? Hapa mtu husema, "Nimekwenda mustashfa, wakanipa mawidi ya Jumatano, kumbe daktari mwenyewe yuko ijaza." Mtu wa Unguja ataifahamu sentensi hiyo kwa kukisia kidogo, Mwarabu atashika nusu yake, na mashine itababaika kwa sababu kabla ya kusikiliza imekwisha kuambiwa ichague lugha moja. Anayeitumia hujifunza haraka kuzungumza kama anavyotakiwa: kwa Kiingereza cha tartibu, au kwa Kiarabu cha taarifa ya habari. Chombo kinachouzwa kwa ajili ya kumtumikia mtu kinaanza kwa kumtaka abadilishe mdomo.

Wapo wanaouchukia ujumbe wa sauti, nao wana haki yao. Anayetuma anajipunguzia kazi na kumtwika mwenziwe: kusema dakika saba ni rahisi, kusikiliza dakika saba ukiwa kazini ni adhabu. WhatsApp yenyewe ilikiri jambo hilo pale ilipoongeza, 2021, kitufe cha kuiharakisha sauti mara moja na nusu au mara mbili, na tangu hapo baadhi ya wazee wetu wanasikika kama watangazaji wa mpira. Nakubali kabisa kwamba bei, namba ya nyumba, jina la dawa na saa ya ndege havifai kutumwa kwa sauti. Saa ndiyo khasa, kwa kuwa saa mbili ya Mswahili na saa mbili ya tiketi si saa moja. Hayo yaandikwe. Ila lawama hiyo inauchukulia ujumbe wa shangazi kama kwamba ni barua ya ofisi, ambayo sifa yake ni ufupi. Muda wa kumsikiliza mkubwa wako ni sehemu ya kumheshimu, na aliyeuona mrefu hangemkatiza vilevile kama angekuwa amekaa mbele yake. Wengine husema sauti inayaua maandishi ya Kiswahili. Kwa Dar es Salaam hoja hiyo inaweza kujadiliwa. Kwa Ibra haina mguu: anayerikodi hakuwa akiandika Kiswahili kabla ya hapo, na mbadala wake ni kuandika Kiarabu, au kunyamaza.

Lawama nzito ni ya tatu. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walitangaza programu iitwayo VALL-E, ambayo walisema sampuli ya sekunde tatu inaitosha kuigiza sauti ya mtu. Watu ambao kwa miaka zaidi ya kumi wamekuwa wakitumiana sauti zao kutwa wamekwisha kutoa sampuli za kutosha, na ujumbe mmoja uliosambazwa kwenye kundi la ukoo wenye watu mia haujulikani umefika wapi. Hatari hii siipuuzi. Anayepokea sauti ya ndugu akiomba pesa na ampigie ndugu huyo kwa namba anayoijua, au amuulize jambo ambalo halikupata kusemwa kwenye simu. Lakini tuangalie pia hatari imetoka wapi. Simu iliyobeba sauti bila ya kuielewa haikumwiga mtu. Kilicholeta wasiwasi ni mashine iliyofunzwa kuichambua sauti ikaweza kuitoa upya. Hoja hiyo basi inatutaka tuwe wagumu zaidi kwa vifaa vinavyosikiliza, hii miwani yenye maikrofoni na spika zilizo macho usiku na mchana.

Mtu mwenye subira atasema nalaumu mapema, kwani mashine zitajifunza. Ni kweli zinajifunza. Google iliingiza Kiswahili katika uandishi kwa sauti Agosti 2017. Mwaka 2021 Mozilla ilipata dola milioni 3.4 za kukusanya sauti za Kiswahili kwa mradi wake wa Common Voice, ambao mtu yeyote anaweza kuuchangia sauti. Fedha hizo zilielekezwa Kenya, Tanzania na Kongo, na ni haki, huko ndiko waliko wasemaji wengi. Sharqiyah haikuwa kwenye hesabu. WhatsApp nayo Novemba 2024 ilitangaza huduma ya kuugeuza ujumbe wa sauti kuwa maandishi, na kwa simu za Android ilianza na Kiingereza, Kihispania, Kireno na Kirusi. Soko ndilo linalopanga foleni, na sisi tu wachache mno kusogezwa mbele. Kama ingebidi tusubiri kueleweka ndipo tuanze kuwasiliana, tungekuwa bado tunasubiri.

Pana pahala pamoja ambapo ningependa mashine ielewe, nako ni kwenye kutafuta. Miaka kumi na zaidi ya sauti imelala ndani ya simu za Ibra: wazee wakieleza nani alizaliwa na nani, safari ya kutoka Unguja, upishi wa kitu fulani, ugomvi wa shamba. Wengine katika wasemaji hao wameshafariki, na Kiswahili chao, chenye maneno ya Unguja ya kabla ya 1964 na Kiarabu cha Sharqiyah, hakifundishwi popote. Kwenye simu za Android kila ujumbe ni faili ndani ya folda ya WhatsApp, ndogo, haili nafasi, na jina lake linaanza na herufi PTT, likifuatiwa na tarehe, kisha namba. Jina la msemaji halimo. Mwenye kuinakili folda hiyo kwenye kompyuta kabla ya kununua simu mpya atakuta maelfu ya faili zenye tarehe sahihi na zisizokuwa na mwenyewe, na itabidi akae azisikilize, moja baada ya moja, aandike huyu ni babu na huyu ni Bi Mkubwa, kwa herufi zozote anazozijua.