Mama Aliyepasuliwa Anaweza Kunyonyesha



Kuna mama wengi wanaozaa kwa kupasuliwa, ndiyo sezarieni. Wakirudi nyumbani wanasikia maneno mengi. Jirani anasema: "Maziwa yako iko na dawa ya usingizi, usipatie mutoto." Kambo anasema: "Mutoto akinyonya, kidonda itafunguka." Mwingine anasema: "Mama ya kupasuliwa hana maziwa, mununue biberoni." Na mama mwenyewe, angali na maumivu, hajui amsikilize nani.

Jibu letu ni moja: mama aliyepasuliwa anaweza kunyonyesha, na maziwa yake ni mazuri. Kisu hakiharibu maziwa. Kinachoharibu ni kuchelewa kuanza, na kukosa mtu wa kumsaidia mama siku za kwanza. Karatasi hii inaeleza sababu na namna ya kufanya. Isome mbele ya bwana na mama mukwe, ao umwombe mtu awasomee, kwani wao pia wako na kazi.

1. MAZIWA YANATOKA WAPI?

Katika sezarieni, munganga anapasua ngozi ya tumbo upande wa chini, kisha tumbo la uzazi. Anatoa mtoto na kondo la nyuma, halafu anashona. Kisu hakifiki kwenye ziwa hata kidogo.

Ziwa linaanza kujitayarisha tangu wakati wa mimba. Kondo la nyuma likitoka, mwili unapata alama kwamba mtoto amezaliwa, sasa utengeneze maziwa. Kondo likitoka kwa njia ya kawaida ao kwa mkono wa munganga, alama ni ileile.

Ni kweli kwamba kwa mama aliyepasuliwa maziwa mengi yanaweza kuchelewa, mpaka siku ya tatu, ya ine ao ya tano. Usikate tamaa. Siku za kwanza yanatoka maziwa machache, mazito, ya rangi ya manjano. Usiyamwage. Si machafu, si usaha. Yana nguvu ya kupigana na magonjwa, na kwa mtoto ni kama chanjo ya kwanza. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Matone hayo yanamfaa.

Kumbuka jambo hili: mtoto akinyonya sana, maziwa yanaongezeka. Akinyonya kidogo, yanapungua. Ukimpa maji ya sukari ao biberoni, anashiba, analala, hanyonyi. Ziwa halipati alama. Kesho watu watasema: "Tuliona, hana maziwa." Kumbe si kupasuliwa kulikozuia maziwa. Ni maji ya sukari.

2. HABARI YA ZAMANI KUTOKA BUNYORO

Watu wengine wanafikiri kupasua mama ni jambo geni, na kwamba wazee wetu hawakulijua. Sikilizeni habari hii. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, aliyesafiri kama mganga wa misioni, alifika Kahura, katika nchi ya Bunyoro. Leo nchi hiyo iko Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, jirani na Ituri yetu. Pale aliona waganga wa kienyeji wakimpasua mama kijana, mwenye miaka karibu 20, aliyeshindwa kuzaa mimba yake ya kwanza. Walimnywesha pombe ya ndizi ili asisikie sana maumivu. Kwa pombe hiyo waliosha pia mikono yao na tumbo la mama. Walimtoa mtoto, wakafunga kidonda kwa vyuma vyembamba na kukipaka dawa ya mizizi. Felkin aliandika habari hiyo mwaka 1884 katika gazeti la waganga la Edinburgh.

Aliandika pia kwamba saa mbili baada ya kupasuliwa, mtoto aliwekwa kwenye ziwa la mama yake. Siku kumi za kwanza maziwa ya mama yalikuwa machache, na rafiki yake alisaidia kumnyonyesha mtoto. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona.

Hatusemi mfuate pombe ya ndizi. Mama anayenyonyesha aache pombe, hasa lutuku. Na leo mtoto asinyonyeshwe na mama mwingine bila kuuliza hospitali, sababu ya hatari ya SIDA. Lakini ona: hata wakati ule, bila dawa zetu za leo, mtoto alinyonya mapema, na kidonda cha mama kilipona.

3. JE, DAWA INAINGIA KATIKA MAZIWA?

Dawa nyingi zinaingia katika maziwa, lakini kwa sehemu ndogo sana, isiyomdhuru mtoto.

Sindano ya mgongo inaua maumivu upande wa chini tu. Mama haachi kuona na kusema. Anaweza kunyonyesha palepale.

Dawa ya usingizi wa mwili wote: mama akiamka vizuri, akajua yuko wapi, akaweza kumshika mtoto, dawa imekwisha kupungua sana katika damu yake. Anyonyeshe. Si lazima kukamua maziwa na kuyamwaga.

Dawa za maumivu: parasetamoli na ibuprofeni zinafaa kwa mama anayenyonyesha, akizitumia jinsi munganga alivyosema. Usikatae dawa kwa kuogopea mtoto. Mama mwenye maumivu makali hawezi kukaa vizuri, na maziwa yake hayashuki vizuri. Lakini jihadhari na vidonge vinavyouzwa barabarani. Mwaka 2017 wakubwa wa dawa wa Marekani walionya kwamba mama anayenyonyesha asitumie kodeini wala tramadoli, kwani zinaweza kumlaza mtoto kupita kiasi na kumkatisha pumzi. Tramadoli inauzwa ovyo katika masoko. Usiinunue.

Dawa za kuzuia usaha, kama ampisilini na amoksisilini, hazikatazi kunyonyesha. Mama anayetumia dawa za SIDA anyonyeshe pia, asiache dawa zake hata siku moja, na mtoto apewe dawa yake ya kinga. Ziko dawa chache zinazokataza, kama dawa za kansa. Kwa hiyo ukipewa dawa yoyote, mwambie munganga: "Ninanyonyesha."

4. TUANZE LINI, NA TUKAE NAMNA GANI?

Anza saa ya kwanza, kama mama na mtoto wako salama. Mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kitambaa juu yao wote wawili. Seromu mkononi na mupira wa mukojo havizuii. Kama mama hajaamka, baba afungue shati na kumshika mtoto kifuani ili asipate baridi. Mama akiamka, mtoto aletwe.

Usimlaze mtoto juu ya kidonda. Ziko njia mbili nzuri.

Njia ya kwanza, kulala ubavu. Mama alale kwa ubavu mmoja, na mto nyuma ya mgongo wake. Kitenge kilichokunjwa kiwekwe mbele ya tumbo, ili miguu ya mtoto isipige kidonda. Mtoto alale ubavu pia, tumbo lake likimwelekea mama, pua karibu na chuchu.

Njia ya pili, chini ya kwapa. Mama akae, mgongo ukiegemea. Mto uwekwe kando yake, mtoto alale juu ya mto, miguu yake ikienda nyuma chini ya mkono wa mama. Mkono huo ushike shingo na mabega ya mtoto. Hivi mtoto hagusi tumbo hata kidogo.

Ngoja mtoto afungue kinywa sana, ndipo umlete kwenye ziwa. Ashike chuchu pamoja na sehemu nyeusi inayoizunguka. Ukisikia chuchu inauma sana, ingiza kidole pembeni ya kinywa chake, umtoe, uanze tena.

Wakati wa kunyonyesha utasikia tumbo linakaza na kuuma kidogo. Usiogope. Si kidonda kinachofunguka. Ni tumbo la uzazi linalojikunja, na kwa njia hiyo damu inapungua. Mtoto akinyonya, anamponya mama yake.

Nyonyesha mara 8 mpaka 12 kwa siku, mchana na usiku. Baada ya siku ya tano, mtoto anayeshiba anakojoa mara 6 ao zaidi kwa siku. Ukiona hivyo, usisikilize anayesema mtoto ana njaa.

5. KAMA MTOTO YUKO CHUMBA KINGINE

Wakati mwingine mtoto anazaliwa mdogo sana ao mgonjwa, anawekwa mbali na mama. Basi kamua maziwa kwa mkono, ukianza siku ileile, na tena kila saa tatu. Osha mikono. Weka kidole gumba juu ya ziwa na vidole vingine chini, nyuma ya sehemu nyeusi. Sukuma kuelekea kifua, kisha bana, kisha achilia. Matone ya kwanza yakusanye katika kijiko safi.

Maziwa yaliyokamuliwa yakae katika chombo safi chenye kifuniko, mahali pa baridi, yasipite saa 4. Usitegemee frigo, kwani hapa Lubumbashi umeme unakatika mara nyingi. Mpe mtoto kwa kikombe kidogo, polepole, usitumie biberoni. Kikombe kinaoshwa vizuri. Biberoni inaficha uchafu. Fikiri pia maji. Katika kartie zetu wengi wanateka maji ya visima, na kipindupindu kimepita hapa mara nyingi, kama mwaka 2008. Maziwa ya mama hayahitaji maji ya kisima, wala makala ya kuchemsha, wala pesa.

6. MAMA ANAYEPASULIWA MTOTO AKIWA AMEKUA

Labda mtoto ana miezi mitano, na mama anapasuliwa apendisiti ao ngiri. Usimwachishe ziwa. Mnyonyeshe kabla ya kuingia chumba cha kupasulia. Kamua na uache maziwa kwa mtu atakayemlea saa zile. Ukiamka vizuri, aletwe.

Kama ni jipu la ziwa lililopasuliwa, endelea na ziwa lingine. Hata ziwa lile lenye jipu, mtoto anaweza kulinyonya kama kidonda kiko mbali na chuchu na maumivu yanavumilika. Kama haiwezekani, likamue. Ziwa likibaki limejaa, jipu linaweza kurudi.

7. KAZI YA BWANA NA JAMAA

Mama aliyepasuliwa hawezi kufanya yote peke yake. Usiku, mtoto akilia, mtu mwingine amwinue na kumletea mama kitandani. Mtu amsaidie kugeuka. Mtu ateke maji: kwa majuma 6 mama asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake, asibebe bidoni ya litre 20, asitwange. Msimkande tumbo na maji ya moto kama mama aliyezaa kwa njia ya kawaida. Mtaharibu kidonda.

Mpeni chakula munganga akikubali: bukari na sombe, maharagi, karanga, ndagala, mayai, matunda. Anywe maji safi kila anaposikia kiu. Pesa mliyotaka kununua mkebe wa maziwa ya unga, nunueni mayai ya mama.

8. RUDI HOSPITALI UPESI KAMA:

– Mama ana homa, ao kidonda kinatoa usaha, kinanuka, kinavimba ao kinafunguka.
– Damu inatoka nyingi, ao uchafu wa uzazi unanuka.
– Mguu mmoja umevimba na unauma, ao pumzi ya mama ni fupi.
– Ziwa ni jekundu, gumu, lina moto.
– Mtoto halali vizuri kwa homa, ao analala tu na hataki kunyonya, ao anapumua mbio, ao macho yake ni ya manjano.

Usingoje kesho.

KUMBUKA, MAMA

Nyonyesha ziwa tu mpaka miezi 6, bila maji, bila uji. Kisha ongeza vyakula, uendelee kunyonyesha mpaka miaka 2 na zaidi. Na kwa sababu tumbo lako lina mshono, lipe nafasi ya kupumzika: ngoja angalau miaka 2 kabla ya mimba nyingine, na uulize muuguzi njia ya kupanga uzazi inayofaa mama anayenyonyesha.

Siku ya kupima watoto, leta mtoto na karatasi yake ya kilo. Ukimwona pale mama mwingine aliyepasuliwa, naye ameshika biberoni kwa kuogopa, kaa karibu naye. Mweleze uliyosoma hapa.