"Fedha Zilitumika": Lugha ya Taarifa za Hesabu katika Serikali za Wanafunzi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulipa mchango wa serikali ya wanafunzi kabla hajalijua hata jina la mweka hazina wake. Katika vyuo vikuu vingi mchango huo ni mstari mmoja katika orodha ya ada, jirani na kitambulisho na bima ya afya. Kwa kuwa halipi kwa hiari, ana kila sababu ya kutaka kujua fedha hizo zimekwenda wapi. Mijadala kuhusu uwazi huishia mara nyingi kwenye swali la iwapo taarifa ya hesabu imetolewa au la. Makala haya yanachunguza jambo linalofuata: namna taarifa hiyo inavyoandikwa, hasa nchini Tanzania, ambako shughuli nyingi za serikali za wanafunzi huendeshwa kwa Kiswahili.

Ichukuliwe sentensi ya aina hii: "Fedha zilitumika katika maandalizi ya michezo." Kisarufi haina kosa. Kitenzi chake kimo katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo hutofautiana na kauli ya kutendwa kwa jambo moja kubwa: haimkaribishi mtenda. Mzungumzaji atasema bila shida "fedha zilitumiwa na katibu wa michezo", ilhali "fedha zilitumika na katibu wa michezo" itamkwaza. Katika kauli ya kutendwa, mtenda akiachwa, nafasi yake hubaki na msomaji anaweza kuuliza: na nani? Katika kauli ya kutendeka nafasi yenyewe haipo. Fedha zinatumika kama vile chungu kinavyovunjika au barabara inavyopitika.

Haifuati kwamba kila aandikaye "zilitumika" ana nia ya kuficha. Pengine ameiga tu taarifa ya mtangulizi wake, naye mtangulizi aliiga ya aliyemtangulia. Ndivyo mitindo ya kiofisi inavyorithiwa. Athari, hata hivyo, ni ileile. Viongozi hawa kwa kawaida hukaa madarakani mwaka mmoja. Swali linapoulizwa, aliyechukua masurufu huenda amekwisha kuhitimu, na kinachobaki mezani ni sentensi isiyo na mtu ndani yake. Kasma ya "matumizi mengineyo" hufanya kazi hiyohiyo kwa upande wa nomino: huondoa kitu kilichonunuliwa kama kitenzi kilivyomwondoa mnunuzi.

Sheria inasaidia, lakini hadi mahali fulani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ya Tanzania inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Sheria ya Kenya ya mwaka huohuo imeweka siku 21. Chuo kikuu cha umma kikitoa nakala ya taarifa iliyoombwa, kimetimiza wajibu wake. Ikiwa nakala hiyo inasema "fedha zilitumika", mwombaji ameipata haki yake yote na bado hajui lolote.

Kwa Kenya umbali huo uliongezwa na jambo jingine. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliweka utaratibu ambao wanafunzi huchagua wajumbe, na wajumbe hao ndio wanaochagua viongozi. Chini ya utaratibu huo, mwanafunzi wa kawaida hampigii kura mweka hazina moja kwa moja, kwa hiyo maandishi ya mweka hazina huyo yanambebea uzito mkubwa zaidi kuliko zamani.

Katiba ya serikali ya wanafunzi inayoagiza tu kwamba taarifa isomwe bungeni haijagusa tatizo hili. Inayoagiza kwamba kila tumizi litajwe kwa kauli ya kutenda, pamoja na cheo cha aliyepokea fedha, tarehe na namba ya stakabadhi, italeta sentensi kama hii: "Katibu wa michezo alichukua masurufu, akanunua jezi na mipira, akawasilisha stakabadhi na kurejesha bakaa." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na kila kitenzi chake kinaweza kukaguliwa: kama bakaa haikurejeshwa, aliyeandika "kurejesha" amesema uongo, na anayepaswa kuulizwa anajulikana.